Maziwa ya Kikundi na Visiwa vya Kuficha Ushuru



Hebu tuanze na jambo tunalolijua sote. Kikundi cha kina mama kimenunua ng'ombe wa maziwa kwa pesa za michango. Mwanachama mmoja amepewa kazi ya kuuza maziwa. Kila asubuhi anamwuzia shemeji yake kwa shilingi 30 kwa lita. Shemeji anavuka barabara na kuuza maziwa hayo hayo kwa shilingi 60. Mwisho wa mwaka mweka hazina anafungua kitabu: chakula cha ng'ombe, dawa, mshahara wa kijana wa kukamua. Faida? Hakuna. Wanachama wanaambiwa, "Mwaka huu biashara ilikuwa ngumu." Na wakati huo huo shemeji anaezeka nyumba mpya kwa mabati.

Hapo hakuna mtu aliyevunja kufuli ya sanduku la pesa. Kila lita imeandikwa kitabuni. Lakini kikundi kimeibiwa, na kila mtu anajua.

Kampuni nyingi kubwa zinafanya hivyo hivyo kwa nchi nzima. Shemeji wao anakaa mbali, mara nyingi kisiwani, na jina lake ni kampuni dada. Leo tueleze jambo hili polepole, kwa sababu linagusa bei ya sabuni na dawa za zahanati yetu.

HAYA SI MAMBO YA WAKUBWA TU?

Katika mkutano mmoja wa kikundi mama mmoja aliinua mkono akasema, "Dada, hayo ya visiwa na mabilioni yanatuhusu nini? Mimi hata KRA hawanijui." Watu wakacheka. Lakini ni swali zuri.

Jibu ni hili: huenda KRA hawakujui kwa jina, lakini pesa zako zinawafikia kila siku. Sabuni ikiuzwa shilingi 116 pamoja na VAT, shilingi 16 ni ya serikali. Ukipanda matatu, ndani ya nauli kuna ushuru wa mafuta. Mwaka wa 2023 VAT ya mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Ukimtumia mtoto pesa za shule kwa simu, kuna ushuru juu ya ada ya kutuma. Ushuru wa namna hii hauulizi kama mwaka huu umevuna au mvua ilikunyima. Mjane mwenye mbuzi wawili na tajiri mwenye magari matano wanalipa shilingi 16 zile zile kwa kipande kile kile cha sabuni.

Sasa serikali ikikosa ushuru kutoka kwa wenye faida kubwa, itafanya nini? Itakopa, au itarudi kwenye sabuni. Tulijionea mwaka wa 2024. Muswada wa Fedha ulipoletwa ulitaka hata mkate utozwe VAT ya asilimia 16. Vijana waliingia barabarani, na tarehe 25 Juni waandamanaji wakafika hadi ndani ya Bunge. Watu wengi walipoteza maisha. Kesho yake Rais akasema hatatia sahihi muswada huo. Hatusemi kwamba shida yote ya pesa za serikali ililetwa na visiwa. Madeni na ubadhirifu wetu wenyewe vimo. Lakini kila anayekwepa mzigo wake anamwongezea mwenzake.

MAFICHO YA USHURU NI NINI?

Maficho ya ushuru ni nchi au kisiwa kinachowapa watu wa nje mambo mawili. La kwanza, ushuru mdogo sana au hakuna kabisa. La pili, siri: hutaambiwa kwa urahisi mwenye kampuni ni nani. Si lazima kiwe kisiwa. Uswisi ilijulikana kwa siri za benki kwa miaka mingi, na iko katikati ya Ulaya.

Mfano mmoja unatosha. Katika Visiwa vya Cayman kuna jengo la ghorofa tano liitwalo Ugland House. Mwaka wa 2008 wakaguzi wa serikali ya Marekani waliandika kwamba kampuni 18,857 zilikuwa zimeandikishwa kwa anwani ya jengo hilo moja. Je, wafanyakazi wa kampuni hizo wote wanaketi wapi? Hawaketi. Nyingi ya kampuni kama hizo ni karatasi ndani ya faili.

PESA ZINATOKAJE?

Tuchukue mfano wa hesabu ndogo. Tuseme kampuni fulani inakuza maua hapa Kenya. Kukuza katoni moja kunagharimu shilingi 700. Mnunuzi wa Ulaya analipa 1,000. Faida ni 300. Ushuru wa kampuni hapa kwetu ni asilimia 30 ya faida, kwa hivyo Kenya ingepata shilingi 90.

Lakini kampuni hiyo ina dada yake kisiwani ambako ushuru ni sufuri. Inamwuzia dada katoni kwa shilingi 720. Dada anamwuzia mnunuzi wa Ulaya kwa 1,000. Sasa faida iliyobaki Kenya ni shilingi 20, na ushuru wake ni shilingi 6. Zile 280 zimeandikwa kisiwani na hazilipiwi kitu. Maua yenyewe hayakufika kisiwani. Yalipanda ndege Nairobi yakashuka Ulaya. Karatasi tu ndiyo iliyopita kule. Kenya imepoteza shilingi 84 kwa kila katoni.

Njia ya pili ni ada. Kampuni ya hapa inalipa kampuni dada "ada ya usimamizi", "ada ya kutumia jina", au riba ya mkopo ambao dada alimkopesha dada. Faida inalika kidogo kidogo mpaka inakwisha. Kuna ada za kweli, na hakuna ubaya kulipa kazi iliyofanywa. Ubaya ni kulipia kazi ambayo hakuna aliyeiona.

Sheria inasema nini? Inasema kampuni zenye mwenyewe mmoja ziuziane kwa bei ile ile ambayo zingemwuzia mtu baki. Kenya iliweka kanuni zake za jambo hili mwaka wa 2006. Shida ni kuthibitisha. Jirani zetu wa Zambia walithibitisha. Mwaka wa 2020 Mahakama ya Juu ya Zambia iliamua kwamba kampuni ya shaba ya Mopani ilikuwa imeiuzia Glencore, kampuni mama yake ya Uswisi, shaba kwa bei ya chini isiyo ya haki. Iliamriwa ilipe ushuru wa takriban kwacha milioni 240. Lakini angalieni miaka: hesabu zilizokuwa zikibishaniwa zilikuwa za kuanzia 2006 hadi 2009. Nchi ilingoja zaidi ya miaka kumi.

AFRIKA INAPOTEZA KIASI GANI?

Nchi za Afrika ziliunda jopo lililoongozwa na Thabo Mbeki, aliyekuwa Rais wa Afrika Kusini. Mwaka wa 2015 jopo lilisema Afrika ilikuwa ikipoteza zaidi ya dola bilioni 50 kila mwaka kwa pesa zinazotoka kwa njia zisizo halali. Mwaka wa 2020 shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD, lilikadiria dola bilioni 88.6 kwa mwaka. Hayo ni makadirio, kwa sababu kitu kilichofichwa hakihesabiki kama magunia ghalani. Ndani yake mna pia pesa za wahalifu na za rushwa. Lakini jopo la Mbeki liliona kwamba sehemu kubwa zaidi hupitia biashara za makampuni, yaani njia ile ya maziwa na shemeji.

KESI YA MKATABA WA MAURITIUS

Je, raia wa kawaida wanaweza kufanya lolote? Hapa Kenya wamekwisha jaribu.

Mwaka wa 2012 Kenya ilitia sahihi mkataba wa ushuru na Mauritius. Mikataba ya aina hii ina kazi nzuri: inazuia mfanyabiashara kutozwa ushuru mara mbili, huku na kule. Lakini Mauritius inajulikana kwa kutoza makampuni ya nje ushuru mdogo sana. Shirika la Tax Justice Network Africa, ambalo makao yake yako Nairobi, liliusoma mkataba kipengele kwa kipengele na kuona hatari. Kampuni ingeweza kuandikisha ofisi ya karatasi Mauritius, kisha ikatoa faida yake Kenya kupitia huko. Hata Mkenya tajiri angeweza kupeleka pesa zake huko na kuzirudisha akiitwa mwekezaji wa kigeni.

Mwaka wa 2014 shirika hilo lilikwenda mahakamani. Kesi ikachukua miaka mitano. Tarehe 15 Machi 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ikaamua kwamba mkataba haukuwa na nguvu. Mahakama haikukubali hoja zote za walalamikaji. Iliona kosa moja kubwa: notisi ya mkataba haikupelekwa mbele ya Bunge kama sheria inavyotaka. Yaani wawakilishi wetu walirukwa.

Mwezi uliofuata, Aprili 2019, nchi hizo mbili zikatia sahihi mkataba mwingine. Kwa hivyo tusishangilie kupita kiasi. Ukipalilia shamba leo, magugu yatarudi kesho. Lakini tangu siku hiyo kila ofisa anajua kwamba mkataba wa ushuru si siri ya wizara, na kwamba kuna watu wanaosoma.

NANI ANATUNGA SHERIA ZA DUNIA?

Kwa miaka mingi sheria za kutoza makampuni ya kimataifa zilitungwa zaidi na OECD, chama ambacho wengi wa wanachama wake ni nchi tajiri. Nchi zetu zilialikwa baadaye, chakula kikiwa kimekwisha pikwa. Mwaka wa 2021 nchi 136 zilikubali mpango uliokuwa na ushuru wa chini wa asilimia 15 kwa makampuni makubwa sana. Kenya na Nigeria hazikuukubali wakati ule, kwa kuona hautoshi na unawafunga mikono.

Basi nchi za Afrika zikaungana. Mwezi wa Novemba 2023 zilipeleka pendekezo Umoja wa Mataifa kwamba utungwe mkataba wa ushuru wa dunia nzima, kila nchi ikiwa na kura moja. Nchi 125 zilikubali, 48 zikakataa, 9 hazikuchagua upande. Marekani, Uingereza na nchi za Jumuiya ya Ulaya zilikuwa kati ya zilizokataa. Hata hivyo kazi ikaanza. Mwezi wa Novemba 2025 kikao kimoja cha mazungumzo kilifanyika hapa hapa Nairobi. Mpango ni kumaliza mwaka wa 2027.

"HATA ZIKILIPWA, SI ZITAIBWA?"

Swali hili haliepukiki, na anayeliuliza ana sababu. Lakini turudi kwenye maziwa. Ikiwa mweka hazina naye ni mwizi, je, tumwache shemeji aendelee? Hapana. Tutabadilisha mweka hazina na tutamfuata shemeji. Tena siri ni moja. Kisiwa kinachoficha faida ya kampuni ndicho hicho kinachomfichia mla rushwa.

Wengine wanasema tukidai ushuru wawekezaji watakimbia na kazi zitapotea. Tuwe na haki: tunazihitaji kazi hizo. Lakini mwekezaji anataka pia barabara, umeme, maji, na wafanyakazi waliosoma. Hivyo vyote hulipiwa na ushuru. Muuza mboga sokoni analipa ada ya kaunti kila siku, na hakimbilii kisiwani.

KIKUNDI CHETU KIFANYE NINI?

1. Jueni haki yenu. Katiba, kifungu cha 201, inasema mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki na wananchi washirikishwe. Kifungu cha 210 kinasema ushuru hauwezi kusamehewa ila kwa sheria, na sababu iandikwe.

2. Andikeni maoni. Kila mwaka Muswada wa Fedha hupelekwa Bungeni kufikia mwisho wa Aprili, na Bunge hukaribisha maoni ya wananchi. Barua ya ukurasa mmoja yenye sahihi za kikundi inatosha. Msiseme tu "bei imepanda". Ulizeni pia nani amesamehewa.

3. Mwulizeni mbunge wenu: mikataba ya ushuru ikiletwa Bungeni, unaisoma? Unaipigia kura vipi?

4. Dai majina. Tangu 2020 Kenya ina rejista ya wenye kampuni halisi, lakini mwananchi hawezi kuifungua na kuisoma yote. Kampuni inayopewa kandarasi ya barabara yetu ni ya nani? Tuna haki ya kuuliza.

5. Anzieni nyumbani. Kitabu cha kikundi kisomwe mbele ya wote kila mwezi. Anayeficha hesabu za kikundi hana mdomo wa kudai hesabu za kampuni.

MASWALI YA KUJADILI

Wiki iliyopita ulinunua nini chenye ushuru ndani yake? Andikeni orodha pamoja.

Katika eneo letu ni kampuni gani kubwa zinafanya kazi? Tunajua wenyewe ni nani?

Zahanati yetu inakosa nini ambacho ushuru ungelipia?

Katika kikundi chetu, je, kuna "shemeji"? Tutamwambiaje?