Kisenyi: Je, mwenza wa maisha huandikwa au huchaguliwa?

Katika vichochoro vya Kisenyi, bondeni kati ya Mengo na Old Kampala, ambako mashine za kusaga nafaka hunguruma karibu na maduka na migahawa ya Wasomali, uchumba unapovunjika hutafutwa faraja katika neno moja: huyo hakuwa calaf wako.

Kwa Kisomali, calaf ni fungu ambalo mtu amegawiwa, na hasa mwenza aliyepangiwa. Mswahili angesema majaaliwa, au riziki. Neno hilo lina kazi kubwa miongoni mwa watu waliotawanywa na vita. Tangu dola ya Somalia iporomoke mwaka 1991, ndugu wa tumbo moja huweza kujikuta mmoja Kampala, wa pili Nairobi na wa tatu Minneapolis. Mchumba huitwa kuhamia Marekani kabla ya nikahi, na simu zikaanza kupungua mwezi hadi mwezi. Kuambiwa kwamba hakuna aliyekosa, ila fungu halikuwapo, huwaondolea wawili hao aibu na kuziepusha familia na lawama.

Hata hivyo, neno lilo hilo huweza pia kumfunga mtu kinywa. Binti anayesitasita mbele ya posa akiambiwa kwamba huyo ndiye aliyeandikiwa, atajibu nini? Kumkataa mchumba ni jambo moja. Kuonekana anaikataa kudura ni jambo jingine kabisa.

Mafundisho ya Kiislamu yenyewe hayaifanyi kadari iwe mbadala wa ridhaa. Hadithi za Mtume zinaelekeza kwamba msichana aombwe idhini kabla ya kuozwa. Istikhara nayo, sala inayoswaliwa na wengi kabla ya kujibu posa, ni dua ya kumwomba Mungu alifanye jepesi jambo lenye kheri na aliepushe lenye shari. Si ramli, wala haisharutishi ndoto. Sheria ya nchi imo upande huohuo: ibara ya 31 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inataka ridhaa huru ya mwanamume na mwanamke wanaooana, na umri wa miaka 18.

Imani hii si ya Wasomali peke yao. Katika Talmud ya Wayahudi imeelezwa kwamba siku 40 kabla ya kiumbe kuumbika tumboni, sauti ya mbinguni hutangaza atakayeoana naye. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alimpa mtunzi wa vichekesho Aristophanes kisa cha binadamu waliokatwa vipande viwili na mungu Zeus, kila nusu ikabaki kuitafuta nyenzake. Wengi hukisimulia leo kwa uzito, wakisahau kwamba kiliwekwa kinywani mwa mchekeshaji.

Cha kutisha zaidi ni kisa cha Kichina cha enzi ya Tang. Kijana Wei Gu anakutana na mzee wa mwezini, ambaye huwafunga wanandoa wa baadaye kwa kamba nyekundu miguuni. Mzee anamwonyesha mkewe mtarajiwa: mtoto mdogo aliyebebwa na mwanamke maskini sokoni. Kwa hasira, Wei Gu anamtuma mtumishi amuue. Miaka mingi baadaye anaoa msichana mzuri wa nyumba ya heshima, mwenye kovu usoni. Ni yule yule.

Waganda, wenyeji wa ardhi ya Kisenyi, husimulia kinyume. Nambi, binti wa Ggulu wa mbinguni, alimpenda Kintu kwa hiari yake. Kintu hakukabidhiwa mke kwa sababu ya maandiko. Alipewa majaribu, likiwemo la kumtambua ng'ombe wake kati ya makundi makubwa, na nyuki ndiye aliyemsaidia.

Wanasaikolojia nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1998, Raymond Knee wa Marekani alibaini kwamba wanaoamini sana kuandikiwa hudumu katika uhusiano ulioanza vizuri, lakini hukimbilia kuachana pale mwanzo unapokuwa na dosari. Huisoma dosari kama ushahidi kwamba si mwenyewe.

Kwa Wasomali, mashuhuri zaidi ni Elmi Boodhari, mshairi aliyefanya kazi katika tanuri la mikate mjini Berbera na kumpenda Hodan, binti aliyeolewa na mwingine. Inasimuliwa kwamba huba ndiyo iliyomwua, mwanzoni mwa miaka ya 1940, na hadi leo jina lake ni kielelezo cha mahaba. Masimulizi yanaeleza kwa kirefu alichotaka Elmi, na walichotaka wazazi. Alichotaka Hodan hakisikiki sana.