Nani Anamkagua Mlinzi wa Gereza?

Ukimpa mchungaji ng'ombe wako awapeleke malishoni, jioni unafanya nini? Unasimama mlangoni pa zizi na kuwahesabu. Mchungaji analipwa, lakini ng'ombe ni wako. Magereza nayo ni hivyo hivyo.

Hapa Tanzania magereza yanaendeshwa na Serikali yenyewe, kupitia Jeshi la Magereza. Lakini nchi kama Marekani, Uingereza na Afrika Kusini zimekodi makampuni yaendeshe baadhi ya magereza kwa malipo.

Gereza la Mangaung, katika mji wa Bloemfontein, Afrika Kusini, lilifunguliwa mwaka 2001. Liliendeshwa na kampuni ya G4S kwa mkataba na Serikali. Mei 3, 2022 moto uliwaka katika chumba cha Thabo Bester, mfungwa wa maisha. Ikakutwa maiti iliyoungua. Watu wakadhani Bester amejiua. Kumbe ametoroka! Uchunguzi ulionyesha kwamba mtu yule alikufa kabla ya moto, na hakuwa Bester. Alikuwa mtoto wa watu, na jamaa zake hawakujua kwa miezi mingi.

Jaji mkaguzi wa magereza, ambaye si mtu wa kampuni, alifuatilia jambo hilo. Waandishi wa habari nao waliuliza. Hata hivyo, polisi walitangaza ukweli Machi 2023. Aprili 2023 Bester alikamatwa mkoani Arusha, akarudishwa kwao. Bunge la nchi hiyo liliwaita viongozi wa kampuni na wa Serikali wajieleze. Mei 2023 Serikali ikatoa notisi ya kuvunja mkataba.

Tunajifunza nini? Serikali yaweza kukodi mfanyakazi, lakini wajibu unabaki kuwa wake. Mfungwa amehukumiwa kwa jina la umma. Basi umma una haki ya kujua yuko wapi na anatendewaje. Mkataba peke yake hautoshi. Lazima awepo mkaguzi asiyelipwa na kampuni.

Magereza ya Serikali nayo hukaguliwa. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, kwa sheria ya mwaka 2001, ina uwezo wa kutembelea magereza. Kama una ndugu gerezani naye anaonewa, unaweza kupeleka malalamiko kwenye Tume hiyo.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini mkaguzi asilipwe na yule anayemkagua?
2. Katika kijiji chenu, nani anakagua mali ya wote?