Pete Inayohesabu Siku za Mwanamke

Mwanamke wa Kiislamu hakungoja mashine ije kumfunza kuhesabu siku zake. Sala, saumu na eda zimemlazimu tangu zamani ajue hedhi imeanza lini na ametahirika lini. Lakini hesabu hiyo haimwonyeshi siku ambayo yai hutoka. Sasa zinauzwa pete na bangili zenye vihisi, na wauzaji wake wanasema kwamba siku hiyo yaweza kujulikana. Je, ni kweli?

Asili yake ni kweli. Katika miaka ya 1920, Kyusaku Ogino wa Japani na Hermann Knaus wa Austria, kila mmoja kwa njia yake, walitambua kwamba yai hutoka yapata siku 14 kabla ya hedhi ijayo. Na likisha kutoka, joto la mwili hupanda kidogo, baina ya sehemu 2 na 5 za kumi za digrii moja. Zamani mwanamke alijipima kila alfajiri kabla ya kuondoka kitandani (na mwenye kuamkia daku au mtoto mchanga ajua taabu yake). Pete hupima kidoleni usiku kucha, ikaipelekea simu hesabu.

Lakini ndugu msomaji, angalia neno hili: joto hupanda baada ya yai kutoka. Yai haliishi zaidi ya siku moja, ilhali mbegu za mume huweza kukaa hata siku 5 zikilingoja. Kwa hiyo pete inapotoa habari, siku za kushika mimba zimekwisha kupita, au zi katika kumalizika. Yale inayosema juu ya mwezi ujao ni makisio tu yaliyotokana na miezi iliyopita. Na kwa mwanamke anyonyeshaye, au ambaye mwezi wake hauendi sawa, makisio hayo hukosea upesi.

Kwa wanaotafuta mtoto, kukosea huko ni kungoja mwezi mwingine. Kwa wanaopanga uzazi ni jambo zito. Programu ya Natural Cycles ilipata idhini Marekani mwaka 2018. Katika wanawake 100 wanaoitumia kwa kawaida mwaka mzima, kama 7 hushika mimba. Mwaka huo huo hospitali moja ya Stockholm ilieleza kwamba wanawake 37 waliokuja kutaka kutoa mimba walikuwa wakiitumia. Mamlaka ya dawa ya Sweden ikachunguza, ikaona idadi haikupita ile iliyotangazwa. Saba hao walikuwamo katika hesabu tangu mwanzo.

Masahaba walifanya azl zama za Mtume (S.A.W.), kama alivyosimulia Jabir, na wanavyuoni wengi wakashurutisha ridhaa ya mke. Basi mume asimnunulie mkewe pete kisha akamwachia yeye peke yake dhamana ya hesabu.

Liko na jambo la sitara. Mwaka 2021 programu ya Flo ilifikia mapatano na serikali ya Marekani baada ya kutuhumiwa kuwapa makampuni mengine habari za wanawake iliowaahidi siri. Mke aulize kwanza habari zake zitawekwa wapi, na nani atazisoma.