Muhogo pekee hautoshi: kazi ya mafuta ya asili katika mlo wa familia za Mbau

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, muhogo hushibisha watu wengi, lakini kushiba si sawa na kulishwa. Wataalamu wa lishe wanahimiza kuupunguza wanga sahanini na kuongeza mafuta ya asili, na sababu zake huanzia tumboni.

Mbau ni tarafa ya wilaya ya Mocímboa da Praia, nchini Msumbiji. Vita vilivyoanza Oktoba 5, 2017 katika mji mkuu wa wilaya hiyo viliwang'oa wakaazi wa vijiji vingi vya eneo hilo. Mbau yenyewe ilikuwa ngome ya wapiganaji hadi Agosti 2021, pale majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoitwaa. Kwa familia inayorudi kwenye shamba lililoachwa miaka kadhaa, zao la kutumainiwa ni muhogo, kwa kuwa huvumilia ukame na udongo uliochoka. Mnazi nao hauna haraka. Minazi mirefu ya kienyeji huanza kuzaa baada ya miaka 6 hadi 10.

Hivyo sahani huegemea upande mmoja. Gramu 100 za muhogo mbichi zina takriban gramu 38 za wanga, lakini protini ni gramu 1 na nusu tu, na mafuta hayafiki hata nusu gramu.

Onyo kutoka Nampula

Hatari ya kutegemea muhogo pekee ilidhihirika mwaka 1981 katika mkoa jirani wa Nampula. Wakati wa ukame, zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu ghafla. Wenyeji waliuita ugonjwa huo mantakassa, na kitaalamu unajulikana kama konzo. Watu walikuwa wamekula muhogo mchungu ambao haukulowekwa wala kukaushwa vya kutosha, huku miili yao ikikosa protini zinazosaidia kuiondoa sumu ya sianidi. Kupooza huko hakuponi.

Mafuta hayaizuii konzo. Lakini vyakula vya pwani vyenye mafuta ya asili, kama samaki na karanga, huja pamoja na protini. Anayepunguza kipande cha muhogo na kuongeza kitoweo hupata vyote viwili.

Mafuta hufanya nini tumboni

Gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9, ilhali gramu moja ya wanga hutoa 4. Tofauti hiyo ni kubwa hasa kwa mtoto, ambaye tumbo lake dogo hujazwa upesi na uji mwepesi kabla hajapata nguvu anazozihitaji. Kijiko cha karanga zilizosagwa laini huufanya uji uleule uwe na nguvu zaidi bila kuongeza ujazo wake.

Mafuta yanapofika kwenye utumbo mdogo, ini na kifuko cha nyongo humimina nyongo, ambayo huyavunja kuwa matone madogo mno. Kisha vimeng'enya kutoka kwenye kongosho huyameng'enya hadi yaweze kufyonzwa. Kazi hiyo huchukua muda, na mwili hulipunguzia tumbo kasi ya kumwaga chakula. Ndiyo sababu mlo wenye mafuta kiasi huchelewesha njaa, na sukari huingia katika damu polepole kuliko pale mtu anapokula wanga mtupu.

Kazi nyingine ni kusafirisha vitamini. Vitamini A, D, E na K huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Majani ya muhogo yaliyotwangwa, ambayo Tanzania huitwa kisamvu na Msumbiji matapa, yana viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, lakini yakipikwa kwa maji na chumvi tu sehemu kubwa ya viini hivyo hupita bila kufyonzwa. Desturi ya kuyaunga kwa tui na karanga ina faida kubwa kuliko ladha. Majani hayo nayo yana sumu, kwa hiyo ni lazima yatwangwe vyema na kuchemshwa kwa muda mrefu.

Hali ni hiyo hiyo kwa viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Maria Andrade, mtafiti aliyevisambaza nchini Msumbiji, alikuwa miongoni mwa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, pamoja na Robert Mwanga wa Uganda. Viazi hivyo pia huhitaji mafuta kidogo ili vitamini yake iufikie mwili.

Nazi si sawa na samaki

Mafuta ya asili hayafanani. Ya nazi, kwa sehemu kubwa, ni yale yanayoganda, ambayo yakizidi huongeza lehemu mbaya katika damu. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilishauri mwaka 2023 kwamba mafuta yote kwa mtu mzima yasizidi asilimia 30 ya nguvu anazozipata kwa siku, na yale yanayoganda yasizidi asilimia 10. Kwa hiyo si lazima kila chungu kitiwe tui zito la kwanza. Tui jepesi la pili hutosha kwa siku nyingi.

Karanga, korosho, ufuta na samaki wana mafuta laini zaidi, ambayo ni salama kwa moyo. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, na robo ni protini. Tena karanga hukomaa kwa miezi 3 hadi 4, hivyo anayesubiri minazi yake ikue anaweza kuvuna mafuta msimu uleule. Sharti zikaushwe vizuri, na zilizoota ukungu zitupwe, kwa kuwa ukungu huo huzalisha sumu inayodhuru ini.

Mafuta ya kukaangia nayo yasirudiwe mara nyingi. Yakishakuwa meusi na kutoa harufu kali, yameharibika.

Kubadili mlo bila kuliumiza tumbo

Mlo wa wanga kidogo umepata wafuasi wengi mijini. Mara nyingi wanaouanza ghafla hulalamikia kufunga choo, kwa sababu pamoja na wanga wameacha pia nyuzinyuzi. WHO inapendekeza angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kwa mtu mzima, na gramu 400 za mboga na matunda. Kunde, mbaazi, majani na matunda hulifanya tumbo lifanye kazi, yakisindikizwa na maji ya kutosha yaliyo salama.

Mabadiliko yafanywe hatua kwa hatua. Tumbo lililozoea wanga mtupu, likipewa mafuta mengi kwa mkupuo, hujibu kwa kichefuchefu au kuhara. Choo cheupe kinachoelea na kung'aa kwa mafuta, au maumivu makali upande wa kulia chini ya mbavu baada ya kula, ni dalili za kumpeleka mgonjwa kituo cha afya.

Watoto na wajawazito hawapaswi kunyimwa wanga kabisa. Mwenye kisukari anayetumia insulini asipunguze wanga kabla ya kuzungumza na mhudumu wa afya, kwani sukari yake inaweza kushuka mno.

Mtoto aliyekonda mno au kuvimba miguu hatibiwi kwa tui nyumbani. Hospitalini, mwenye hali mbaya zaidi huanzishiwa maziwa maalumu yenye mafuta machache, kwa kuwa mwili wake hauwezi kumudu zaidi. Hali ikitulia hupewa chakula tiba, ambacho kwa kawaida hutengenezwa kwa karanga, mafuta, maziwa ya unga na sukari. Pakiti moja ya gramu 92 ina kalori 500, na takriban nusu au zaidi ya nguvu hizo hutoka kwenye mafuta.

Kwa familia yenye afya, pa kuanzia ni sahani ya leo: muhogo uliolowekwa na kukaushwa vyema upunguzwe kidogo, na nafasi yake ichukuliwe na kunde, majani yaliyoungwa kwa karanga, na samaki anapopatikana.