Kopo la Marehemu



Siku moja katikati ya mwaka 2025, mama mjane alikuja ofisini parokiani akiwa na kopo. "Karani, mwanangu," akasema, "marehemu alilificha darini bila kumwambia mtu. Nihesabie." Ndani mlikuwa na bunda la noti za zamani na sarafu mbili chakavu.

Zile noti zilimfurahisha, kwani alitaka kumsomesha mjukuu wake. Sarafu alitaka kuzitupa. Kumbe mambo yalikuwa kinyume! Benki Kuu ya Tanzania ilikuwa imetoa nafasi tangu tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025 watu wabadilishe noti zilizotolewa kati ya 1985 na 2003. Siku zilikuwa zimekwisha pita. Mama alinyamaza kimya, nami nikakosa la kusema.

Ndipo nikazitazama sarafu. Zilikuwa heleri 20 za Wadachi, yaani Wajerumani, zilizopigwa Tabora mwaka 1916 katika karakana ya reli, wakati vita vilipozuia meli zao kuleta fedha. Neno letu "hela" limetoka huko. Moja ilikuwa na rangi ya kahawia, na herufi T ya Tabora ilisomeka vizuri. Ya pili iling'aa, lakini mwaka haukuonekana tena. "Hiyo marehemu aliisugua kwa mchanga na limau," mama akaeleza, "apate kuwaonyesha wageni."

Basi, msomaji, ukiwa na sarafu kuukuu nyumbani, shika haya.

Kwanza, usiisugue. Mchanga unaikwaruza, na ukali wa limau unaila shaba. Wakusanyaji hupenda ngozi yake ya zamani, na iliyosuguliwa huipita. Ikiwa na udongo, iloweke katika maji safi, kisha ikaushe kwa kuigandamiza taratibu na kitambaa laini. Ishike ukingoni, uiweke pakavu katika karatasi.

Pili, usidhani kila cha kale ni mali. Heleri zilipigwa nyingi sana, hazimtajirishi mtu. Yenye bei kubwa ni rupia 15 ya dhahabu, yenye picha ya tembo, iliyopigwa Tabora mwaka huo huo. Hata shilingi ya simba ya zamani za Mwingereza, ile ya 1921 hadi 1946, ina fedha robo tu. Robo tatu ni madini mengine. Bei hutegemea mwaka, herufi na hali ya sarafu.

Tatu, usiuze peke yako wala siku ile ile. Waulize wanunuzi zaidi ya mmoja, mbele ya watu wa nyumbani. Akija mgeni kukuambia kwamba rupia yako ina nguvu za ajabu, ujue ni tapeli, mwonyeshe njia.

Nne, fedha inayotumika itumie, au uiweke benki. Haikuumbwa ikae darini.

Mama yule noti zake hazikurudi kuwa fedha. Ile heleri ya kahawia anayo bado, na wanawe wote wanajua ilipo. Nanyi akina baba, leo jioni baada ya sala, waambieni wake zenu mlichoficha na mahali kilipo. Kifo hakipigi hodi.