Mfumo Endeshi Unapofikia Ukomo: Namna Ofisi za Umma Zinavyoweza Kuchagua na Kutunza Kompyuta Zake

Na Mwandishi Wetu

Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo endeshi ulioingia sokoni Julai 2015 na ambao kwa muongo mzima ulikuwa nyenzo ya kila siku katika ofisi nyingi duniani, zikiwemo za hapa nchini. Siku iliyofuata kompyuta ziliwaka kama kawaida, barua zikachapwa na stakabadhi zikatolewa. Hapo ndipo ulipo ugumu wa jambo hili, kwa kuwa hatari iliyoingia haikupiga hodi.

Mfumo endeshi ni programu mama inayosimamia kompyuta nzima. Ndiyo inayoiunganisha prosesa, kumbukumbu, diski, printa na mtandao na programu anazozitumia mtumishi. Kila mwezi wataalamu duniani hugundua kasoro ndani ya mifumo hiyo, na watengenezaji hutoa masasisho ya kuziziba. Mfumo unapofikia ukomo wa huduma, kasoro zinaendelea kugunduliwa lakini dawa yake haitolewi tena. Kila mwezi unaopita, orodha ya milango isiyo na kufuli huongezeka.

Madhara yake hayaishii kwa mtumishi mwenye kompyuta. Katika ofisi ya halmashauri, hospitali au mahakama, kompyuta moja hubeba majina, namba za utambulisho, taarifa za afya na kumbukumbu za malipo ya wananchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde ipasavyo. Kuchagua mfumo endeshi, kwa hiyo, ni suala la uwajibikaji kwa mwananchi kabla ya kuwa suala la ufundi.

Funzo la Mei 2017

Mei 12, 2017 programu hasidi iliyopewa jina la WannaCry ilianza kusambaa na ndani ya siku chache iliathiri kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Ilifunga mafaili ya mtumiaji na kudai fedha ili iyafungue. Nchini Uingereza, Huduma ya Taifa ya Afya ilitikiswa vibaya, ambapo ilikadiriwa kuwa miadi ya wagonjwa ipatayo 19,000 iliahirishwa na hasara ikafikia pauni milioni 92.

Wengi hudhani kwamba janga lile lilitokana na mifumo iliyokwisha muda pekee. Uchunguzi ulionesha vinginevyo. Kompyuta nyingi zilizoathirika katika huduma hiyo zilitumia Windows 7, ambayo wakati huo bado ilikuwa ikipata masasisho ya usalama, na sasisho la kuziba kasoro husika lilikuwa limetolewa Machi 14, 2017, takriban miezi miwili kabla. Dawa ilikuwepo ila haikuwa imewekwa.

Funzo hapa ni la pande mbili. Mfumo usio na huduma hauwezi kulindwa ipasavyo, na mfumo wenye huduma haulindwi kwa jina lake bali kwa mtu anayehakikisha masasisho yanawekwa kwa wakati. Ofisi inayonunua mfumo mpya bila kuandaa utaratibu wa kuutunza inakuwa imenunua nusu ya kile inachokihitaji.

Swali la kwanza ni kazi

Mjadala wa mfumo gani ni bora kuliko mwingine mara nyingi huanzia mahali pasipofaa. Kabla ya kutaja Windows, Linux, macOS au ChromeOS, ofisi inapaswa kuorodhesha kazi zinazofanyika katika kila meza na programu zinazozibeba.

Hali ya sasa serikalini inarahisisha zoezi hilo. Sehemu kubwa ya mifumo ya pamoja hufikiwa kupitia kivinjari, ukiwemo Mfumo wa Ununuzi wa Umma kwa njia ya Kielektroniki (NeST) na mfumo wa barua pepe serikalini. Mtumishi ambaye kazi yake yote hupita kwenye kivinjari, pamoja na kuandika nyaraka za kawaida, anaweza kuhudumiwa na mfumo endeshi wowote ulio salama na unaosasishwa.

Hali ni tofauti kwa mpima ardhi anayetumia programu maalumu ya ramani, kwa mhasibu mwenye programu ya zamani iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows pekee, au kwa maabara yenye mashine inayozungumza na kompyuta kupitia programu ya mtengenezaji. Mara nyingi kikwazo hakipo hata kwenye programu, bali kwenye kifaa kidogo kama kisoma alama za vidole au printa ya stakabadhi, ambacho programu yake kiendeshi haipatikani katika mfumo mwingine. Orodha hiyo ikikamilika, ofisi hugundua kwamba haina hitaji moja bali makundi mawili au matatu ya mahitaji, na kila kundi lina jibu lake.

Njia nne na gharama zake

Kwa kompyuta ambazo bado zina Windows 10, njia zilizopo ni nne.

Ya kwanza ni kupandisha toleo kwenda Windows 11. Mfumo huu unahitaji prosesa iliyomo katika orodha iliyoidhinishwa, ambayo kwa Intel kwa ujumla huanzia kizazi cha nane, kumbukumbu isiyopungua GB 4, diski ya GB 64 na chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0. Kompyuta yenye sifa hizo hupandishwa bila malipo ya leseni mpya. Wakati mwingine chipu hiyo ipo lakini imezimwa katika mipangilio ya awali ya kompyuta, hivyo fundi aikague kabla ya kuihukumu mashine kuwa imepitwa na wakati. Ikumbukwe pia kwamba GB 4 ni kiwango cha kuwashia tu, wakati mtumishi anayefungua mifumo kadhaa kwa pamoja anahitaji walau GB 8.

Ya pili ni kulipia huduma ya nyongeza. Kwa taasisi, Microsoft iliweka bei ya Dola za Marekani 61 kwa kompyuta moja kwa mwaka wa kwanza, ambayo huongezeka maradufu kila mwaka na kufikia ukomo Oktoba 2028. Tuchukue mfano wa ofisi yenye kompyuta 40. Mwaka wa kwanza italipa dola 2,440, wa pili 4,880 na wa tatu 9,760, sawa na jumla ya dola 17,080, au dola 427 kwa kila kompyuta. Anayechelewa kujiunga hulazimika kulipia pia mwaka uliopita. Fedha hiyo inakaribia bei ya kompyuta mpya ya ofisi, na mwishoni mwa kipindi mashine inabaki ile ile ya zamani. Njia hii inafaa kwa kompyuta chache zisizoweza kuhamishwa haraka, na si kwa ofisi nzima.

Ya tatu ni kuweka mfumo huria wa jamii ya Linux kwenye mashine hizo hizo. Matoleo ya Ubuntu yenye huduma ya muda mrefu, kwa mfano, hupewa masasisho ya kawaida ya usalama kwa miaka 5 bila gharama ya leseni. Kompyuta ya miaka saba au minane, ikiongezewa kumbukumbu na kubadilishiwa diski ya zamani kwa diski ya SSD, inaweza kufanya kazi za kivinjari na nyaraka kwa miaka mingine kadhaa. Gharama haijatoweka bali imehama kutoka kwenye leseni kwenda kwenye mafunzo na utaalamu.

Ya nne ni kununua mashine mpya kwa awamu, kwa kuanza na meza zenye taarifa nyeti au zinazomhudumia mwananchi moja kwa moja.

Kompyuta ambayo haijapata lolote kati ya hayo isiachwe kwenye mtandao wa ofisi. Ikiwa inaendesha mashine moja tu ya maabara, itengwe katika mtandao wake na izuiwe kufika kwenye intaneti.

Waliohama wanasema nini

Uzoefu wa Ulaya unaonesha kwamba kuhamia programu huria kunawezekana, na kwamba mafanikio hutegemea mpangilio. Jeshi la Jandamaria la Ufaransa lilianza mwaka 2005 kwa kubadilisha programu za ofisi tu, likafuatia kivinjari na programu ya barua pepe, na ndipo kuanzia mwaka 2008 likaanza kubadilisha mfumo endeshi wenyewe. Askari alipokutana na mfumo mpya, programu zote alizozitumia kila siku alikuwa amekwisha kuzizoea. Leo mfumo huo, GendBuntu, unatumika katika makumi ya maelfu ya kompyuta.

Jiji la Munich nchini Ujerumani nalo liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, na kufikia mwaka 2013 kompyuta zaidi ya 14,000 zilikuwa zimehamishwa. Hata hivyo, Novemba 2017 baraza la jiji liliamua kurejea Windows. Watumishi walikuwa wamelalamikia ubadilishanaji wa nyaraka na programu zisizopatana, lakini washauri elekezi walibainisha kuwa chanzo kikubwa cha matatizo kilikuwa muundo wa usimamizi wa teknolojia katika jiji hilo. Mfumo ulibadilishwa, namna ya kuuhudumia haikubadilishwa vya kutosha.

Tanzania pia ina historia yake katika eneo hili. Mwaka 2004, kupitia mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitolewa programu huria ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Kazi ile ilithibitisha kwamba lugha si kikwazo pale programu inaporuhusu kurekebishwa na wenyeji.

Kifaa na mazingira yake

Kifaa kizuri huchaguliwa kwa kuangalia mahali kitakapokaa. Pale umeme unapokatika mara kwa mara, kompyuta ya mezani yenye prosesa ya kasi lakini isiyo na kifaa cha kuhifadhi umeme ni hasara inayosubiri siku yake, ilhali kompyuta mpakato ya wastani yenye betri nzima humwezesha mtumishi kumalizia kazi na kuihifadhi. Katika maeneo yenye vumbi na joto, usafi wa feni kila robo mwaka huongeza uhai wa mashine kuliko nyongeza yoyote ya kasi.

Printa huficha gharama yake kwenye wino. Bei ya kununulia ikiwa ndogo, ofisi iulize bei ya katriji na idadi ya kurasa inazochapa, kisha igawanye. Kwa vishikwambi, kama vile vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 na baadaye kukabidhiwa kwa walimu, swali la msingi ni mtengenezaji ataendelea kutoa masasisho ya Android kwa miaka mingapi.

Busara nyingine ni kupunguza aina za vifaa. Ofisi yenye kompyuta 40 za aina mbili humwezesha fundi kuweka akiba ya vipuri vichache na kuandaa nakala moja ya mfumo inayosambazwa katika mashine zote. Ofisi yenye aina kumi na tano humfanya fundi huyo huyo aanze upya kila siku.

Hayo yote yaingizwe katika masharti ya zabuni mapema: miaka ya dhamana, mahali matengenezo yatakapofanyika, upatikanaji wa vipuri na tarehe ya ukomo wa masasisho. Thamani ya fedha hupimwa kwa gharama ya kifaa tangu kununuliwa hadi kuondolewa, na bei ya ankara ni sehemu moja tu ya gharama hiyo.

Huduma ya kila siku

Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, iliyoanzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA), imeweka msingi wa usimamizi wa TEHAMA katika taasisi za umma. Ndani ya msingi huo, Kitengo cha TEHAMA cha taasisi yoyote kinaweza kuanza na mambo matano yasiyohitaji bajeti kubwa.

Kwanza, kuwa na rejesta inayoonesha kila kifaa, mtumiaji wake, toleo la mfumo endeshi na tarehe ya ukomo wa huduma. Pili, kupanga siku maalumu kila mwezi ya kuweka masasisho, baada ya kuyajaribu kwenye kompyuta chache. Tatu, kumnyima mtumiaji wa kawaida mamlaka ya kuweka programu mpya, ikiwemo mkuu wa idara. Nne, kuhifadhi nakala rudufu za taarifa, moja ikiwa nje ya jengo, na kujaribu kuzirejesha, kwa sababu nakala isiyojaribiwa haijulikani kama ipo. Tano, kuweka dawati la msaada linaloandika kila tatizo linaloletwa, ili mwisho wa mwaka ununuzi uongozwe na kumbukumbu.

Kifaa kinapofikia mwisho, taarifa zilizomo kwenye diski zifutwe kabisa kabla hakijauzwa au kugawiwa, na kinachobaki kikabidhiwe kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki wenye kibali cha Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Betri na vioo vya kompyuta vina madini yanayodhuru udongo na maji vikitupwa jalalani.

Tarehe za ukomo wa mifumo endeshi hutangazwa miaka kadhaa kabla, na ile ya Windows 10 haikuwa siri. Taasisi zilizokuwa na rejesta iliyohuishwa zilijua mapema ni mashine ngapi zingepandishwa, ngapi zingebadilishwa mfumo na ngapi zingeombewa fedha. Ofisi ambayo haijafanya hesabu hiyo bado inaweza kuianza kwa kupita meza kwa meza na kuandika toleo la mfumo lililomo katika kila kompyuta. Kwa ofisi ya kompyuta 40, hiyo ni kazi ya siku moja.