Kitufe Hiki Kinafuta Nini?

Kila simu ya Android ina ukurasa wa kusimamia programu, wenye vitufe kama Lazimisha kusitisha, Zima, Ondoa, Futa akiba na Futa data. Maneno hutofautiana kidogo kati ya simu na simu. Lwakhakha, mpakani mwa Bungoma na wilaya ya Namisindwa ya Uganda, mfanyabiashara mwenye laini ya Safaricom na ya MTN katika simu moja hujikuta kwenye ukurasa huo kila nafasi inapojaa.

Kusitisha hakufuti data iliyohifadhiwa: programu husimama hadi ifunguliwe tena. Kuzima hutumika kwa programu zilizokuja na simu, ambazo haziwezi kuondolewa kabisa. Hujificha tu hadi ziwashwe. Kufuta akiba huondoa picha na kurasa ambazo programu ilijiwekea ili ifunguke upesi. Itazivuta tena baadaye, na bando litaliwa kidogo.

Kufuta data ni balaa nyingine. Programu hurudi ilivyokuwa siku ilipowekwa, bila akaunti wala mipangilio. Anayeifuta data ya WhatsApp bila nakala iliyohifadhiwa huweza kupoteza mazungumzo ya miaka. Pesa za M-Pesa haziguswi, kwa kuwa salio hutunzwa kwenye mitambo ya Safaricom, si ndani ya simu.

Basi kwa nini kitufe kisicho na madhara na kinachofagia kila kitu vikae bega kwa bega, kwa umbo lilelile? Onyo hutokea baada ya kubonyeza, nalo kwenye baadhi ya simu hutaja hifadhidata, neno lisilomsaidia mtu anayetafuta nafasi ya picha za harusi. Kitufe kingeandikwa “Futa faili za muda tu” na kingine “Futa kila kitu cha programu hii”, kosa lingepungua kabla ya onyo lolote.

Watengenezaji wa mfumo wa kompyuta wa Linux wana tatizo hilohilo. Kwenye Debian, mojawapo ya matoleo yake, amri ya remove huondoa programu na kuacha faili za mipangilio, ilhali purge huondoa na hizo. Ila programu yake ya apt huorodhesha kwanza vitakavyoondoka, kisha huuliza kama iendelee. Hapo inastahili sifa, na simu zingeiga.

Mpaka ziige, mwenye simu aangalie tarehe ya nakala ya mwisho ya WhatsApp kabla ya kugusa Futa data.